Mwoga mwenye bastola kiunoni

Buster Keaton ameketi mezani, anacheza karata za pesa na wachunga ng'ombe. Amebaini kwamba mwenzake anaiba, naye hakukaa kimya, amemwambia. Yule bwana anachomoa bastola na kumwelekezea. Filamu haina sauti, kwa hiyo maneno yanakuja kwa maandishi: ukisema hivyo, tabasamu. Tatizo ni kwamba Keaton hatabasamu. Tangu utotoni, baba yake alipokuwa akimrusha huku na huko jukwaani katika maonyesho ya familia, alishajua kuwa watu hucheka zaidi yeye akikaza uso, na kwa uso huo mkavu akajulikana dunia nzima. Anawaza kidogo. Anainua vidole viwili, anaviweka kwenye pembe za mdomo, anazisukuma juu polepole. Mdomo umetabasamu. Macho hayakushiriki. Yamebaki macho ya mtu anayetazama tundu la mtutu.

Filamu yenyewe ni Go West ya mwaka 1925, na agizo lile la kutabasamu Keaton hakulizua. Linatoka katika The Virginian, riwaya ya Owen Wister iliyochapishwa mwaka 1902, kitabu ambacho kwa kiasi kikubwa ndicho kilichomchonga kauboi tunayemjua: mtu wa maneno machache, mkono mwepesi, moyo usiotishika. Katika riwaya shujaa ndiye anayemwamuru adui atabasamu, na msomaji amesimama nyuma ya shujaa. Keaton akahama kiti. Akaenda kukaa upande wa yule anayeelekezewa bastola, akatuonyesha mambo yanavyoonekana kutokea huko.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Msemo huu tumeusikia sote, na mara nyingi husemwa kumtuliza kijana anayetafuta ugomvi: afadhali urudi nyumbani watu wakucheke kuliko urudishwe wakulilie. Mimi nauona kama ufunguo wa jamii nzima ya filamu. Kwa takriban miaka hamsini, tangu miaka ya 1920 hadi ya 1970, Hollywood ilitengeneza filamu za kauboi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za shujaa, nazo zilijaa makaburi. Za pili zilikuwa za mwoga, nazo zilijaa vicheko. Wachambuzi wengi huzichukua hizi za pili kama mzaha tu uliofanyiwa zile za kwanza. Mimi naamini zilibeba jambo ambalo za kwanza zilishindwa kulisema: kwamba mtu akielekezewa bastola, anaogopa. Na naamini pia kuwa ukizitazama kwa makini utaona swali lililo zito zaidi, la nani aliruhusiwa kuogopa na akabaki mtu.

Nyumbani, tulipokuwa tukitazama picha za kauboi kwenye video ya jirani, miguu tumeikunja juu ya mkeka, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa miaka mitano aliijua: stelingi hafi. Majambazi wangeweza kuwa ishirini, risasi zingeweza kumiminika kama mvua ya masika, stelingi angetoka na mkwaruzo wa bega. Na kwa sababu hafi, haogopi. Utotoni nilidhani huo ndio ujasiri. Miaka ikapita nikaanza kujiuliza ujasiri wa mtu anayejua kwamba hafi una uzito gani.

Hofu nayo ina tabia ya maji. Ukiizibia huku, inatokea kule. Katika filamu za shujaa, hofu iliyokatazwa kwa stelingi alibebeshwa mpambe wake, yule mzee au mnene anayepanda farasi mchovu nyuma yake. Maarufu kuliko wote alikuwa George Hayes, aliyeitwa Gabby: ndevu kama manyasi, ukingo wa mbele wa kofia umekunjwa juu, mdomo hauna meno, na manung'uniko hayaishi. Ukweli ni kwamba Hayes alizaliwa mwaka 1885 jimbo la New York, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na nje ya kazi alivaa suti na kuzungumza kwa ufasaha. Kabla ya kamera kuwaka alivua meno yake ya bandia, akawa mtu mwingine. Walter Brennan naye aliing'amua siri hiyohiyo ya meno. Katika Red River, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1948, anacheza mpishi wa msafara wa ng'ombe ambaye amepoteza meno yake ya bandia kwenye karata, na mshindi, mwenyeji asilia mwenye utulivu wa ajabu, humpa wakati wa kula tu. John Wayne amepanda farasi mbele, uso umekaza, haogopi kitu. Nyuma yake yupo mzee anayeomba meno yake ili ale chakula cha jioni. Kazi imegawanywa: mmoja amepewa utukufu, mwingine amepewa mwili, pamoja na njaa yake, uchovu wake na woga wake.

Brennan alishinda Oscar tatu kama mwigizaji msaidizi, na mimi sioni ajabu. Yeye ndiye aliyekuwa akitufanya tuamini kwamba watu wale walikuwa binadamu.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunitajia High Noon ya mwaka 1952. Kweli, humo Gary Cooper anaogopa. Anazunguka mji akiomba msaada, hapati, anarudi ofisini na kulaza kichwa mezani. Ni uigizaji mkubwa, na Oscar alipewa kwa haki. Lakini angalia kilichofuata. Wayne aliichukia filamu hiyo waziwazi. Hawks alisema sherifu anayejua kazi yake hawezi kuhangaika mjini akiomba watu wamsaidie, na mwaka 1959 wawili hao wakatengeneza Rio Bravo kama jibu. Stelingi mmoja alionyesha hofu, na tasnia ikaona ni lazima ijibiwe. Wakati huo vidole vya Keaton vilishakuwa kwenye pembe za mdomo kwa zaidi ya robo karne, wala hakuna aliyekasirika, kwa sababu ukweli ukija umevaa nguo za mchekeshaji hupita mlangoni bila kuulizwa.

Nirudi kwa Keaton kidogo, kwani Go West ina mambo ambayo yanastahili kutazamwa polepole. Anayecheza humo hana jina, anaitwa tu Friendless, asiye na rafiki. Anapata bastola ndogo ya kike, anaitumbukiza kwenye ala kubwa ya kauboi, inazama, mkono haufiki. Anaifunga kamba. Tangu hapo kila akitaka silaha, anaivuta kama mtu anayeteka maji kisimani. Halafu yupo ng'ombe, Brown Eyes, ambaye ndiye mpenzi wa filamu hii. Ng'ombe lazima apigwe chapa kwa chuma cha moto, ndiyo kazi ya kauboi. Keaton hawezi kumuunguza. Anachukua sabuni na wembe, anampaka povu, anamnyoa manyoya kwa umbo la chapa. Alama imeonekana, ng'ombe hakuumia. Mwisho, mwenye shamba anamwambia achague zawadi, naye anaonyesha kidole kuelekea nyuma, anasema anamtaka yule. Baba anadhani anaombwa binti. Binti mwenyewe anadhani hivyo. Kumbe nyuma yao yuko ng'ombe.

Wapo wanaoliona jambo la wembe kama kituko tu. Mimi huwa linanigusa. Mtu mwoga amekataa kuumiza, na woga wake umegeuka kuwa huruma mbele ya macho yetu bila neno moja la mahubiri. Shujaa wa Wister asingeweza kufanya hivyo. Angechukua chuma.

Kuhusu Laurel na Hardy katika Way Out West ya mwaka 1937 sitasema mengi, ingawa naipenda kuliko karibu filamu zote ninazozitaja hapa. Wao hawaogopi wala hawajikazi. Hawajui kwamba wamefika mahali pa kupimwa uanaume. Wanaingia mji wa Brushwood Gulch, wamebeba hati ya mgodi wa dhahabu, wanakuta waimbaji wameketi kwenye ngazi za baa, mguu wa mmoja unaanza kugonga chini, mwingine anafuata, na wanaume wawili wazima wanacheza dansi laini mbele ya mlango ambako kwa sheria za filamu hizi mtu hutakiwa kupigwa risasi. Nyuma yao barabara ni picha iliyorushwa kwenye pazia la studio, na inaonekana wazi kwamba ni pazia. Haidhuru. Hardy, mzaliwa wa Georgia na mwenye mwili mzito, anageuka kwa vidole vya miguu kama mtu asiyegusa ardhi.

Mwaka 1939 ukaja na jambo jipya: mtu anayeitwa mwoga na mji mzima, kumbe siye. Katika Destry Rides Again, iliyoongozwa na George Marshall, James Stewart, anayecheza Destry, anashuka kwenye gari la farasi mbele ya umati uliokuja kumpokea naibu sherifu mpya wa kutisha. Mkono mmoja ana mwavuli wa kike, mwingine ana kizimba cha ndege. Vitu hivyo ni vya binti aliyekuwa akimsaidia kushuka, lakini umati umeshacheka. Tena hana bastola. Marlene Dietrich, anayecheza Frenchy, mwimbaji wa baa, anamkabidhi ndoo na kidekio. Destry anavipokea kwa adabu. Muda mwingi amekaa anachonga mbao, anatengeneza pete za vitambaa vya mezani, anasimulia visa vya watu aliowahi kuwajua.

Stewart alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti inayojikwaa, na Marshall alilitumia umbo hilo lote. Hatujui kama ni mjinga au mwerevu, mpaka anapochukua bastola za wahuni na kuonyesha shabaha ambayo inawanyamazisha. Kumbe anajua. Ameamua tu. Ningependa filamu ingeishia kwenye uamuzi huo, lakini rafiki yake mzee anapigwa risasi ya mgongo, na Destry anafunga mkanda wa bastola kiunoni. Kinachoiokoa ni wanawake wa mji: wanatoka na vyombo vya kazi mikononi, wanaingia baa kwa pamoja, wanaume wanajikuta wamebanwa hawawezi kufyatua. Na Frenchy ndiye anayeipokea risasi iliyokuwa ya Destry. Dietrich mwaka mmoja kabla alikuwa ametajwa na wenye kumbi za sinema miongoni mwa nyota wanaowapa hasara. Alirudi kwa kuimba, kwa kugaragara sakafuni akipigana na Una Merkel, na kwa kufa badala ya mwanamume aliyekataa kubeba silaha. Hapa kicheko na kilio vimekwenda nyumba moja.

Kisha akaja bingwa wa woga. Bob Hope alizaliwa Eltham, London, mwaka 1903, akahamia Marekani akiwa mtoto, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa amegundua mchanganyiko ambao hakuna aliyemfikia: mwoga anayejigamba. Waoga wa zamani walijificha. Hope alitoka kifua mbele, akatamba kwa maneno yanayokimbia, halafu sauti ikasikika nje na magoti yakayeyuka huku mdomo bado unatamba. Ukimtazama vizuri utaona kwamba mwili na mdomo wake vinacheza watu wawili tofauti, na kicheko kinatoka kwenye pengo lililo katikati yao.

The Paleface ya mwaka 1948 ndiyo kilele chake. Hope ni Potter, daktari wa meno asiyeweza kazi. Jane Russell ni Calamity Jane, ambaye serikali imemtoa gerezani ili awasake wanaouza silaha kwa siri, na anaolewa na Potter kama kinga ya kujificha. Kila Potter akitaka busu, anapigwa kitako cha bastola kisogoni, analala. Kisha kuna lile pambano la barabarani. Kabla halijaanza, watu wanamjia mmoja mmoja na ushauri: adui yako huchomoa kushoto, kwa hiyo egemea kulia, upepo unatoka mashariki, lenga magharibi, huchutama akipiga, wewe simama kwa ncha za vidole. Hope anaukariri ushauri wote kama mtoto anayekariri mashairi njiani kwenda shule, na kama mtoto, anauchanganya. Upepo umekuwa wa kusimama, vidole vimekuwa vya kulenga. Anatembea kwenye barabara tupu amepinda, midomo inacheza, macho yanamtoka. Nimeshuhudia chumba kizima cha watu wasiojua Kiingereza wakianguka kwa kicheko hapo, kwa sababu kila mmoja wetu aliwahi kwenda kwenye mtihani, usaili au posa akiwa na ushauri wa watu kumi kichwani.

Mpiga shabaha wa kweli ni Russell. Yeye anapiga, Hope anasifiwa. Mwaka huo wa 1948 watu walilicheka jambo hilo kama kinyume cha maumbile, lakini picha imebaki: mwanamke anafanya kazi, mwanamume anapokea shangwe, naye anaamini kwa dhati kwamba anastahili.

Hapa ndipo ninapoacha kucheka. Tukio ambalo Potter anajikuta shujaa ni la nyumba ya mbao iliyoshambuliwa na wenyeji asilia. Russell anafyatua, wao wanaanguka, na baadaye maiti zimepangwa rundo, Hope anazitazama kwa majivuno. Maiti hizo hazina majina. Hazina hofu. Filamu iliyojengwa yote juu ya wazo kwamba kuogopa kifo ni jambo la kibinadamu, la kuchekesha na la kusameheka, inawanyima watu hao hata sekunde moja ya kuogopa. Wanakufa kama chupa zinazolengwa ukutani. Wengine hujibu kwamba zama zilikuwa hizo. Ni kweli zilikuwa hizo, na ndiyo maana lazima tuseme. Keaton alimwonea huruma ng'ombe asiunguzwe.

Na kwa watu Weusi mambo yalikwenda kinyume: wao waliruhusiwa kuogopa, tena walilazimishwa. Mwaka 1940 Hope aliigiza katika The Ghost Breakers, filamu ya mizimu, mwongozaji akiwa yuleyule George Marshall wa Destry. Pembeni yake alikuwepo Willie Best, mwigizaji Mweusi mwenye kipaji kikubwa cha kupanga muda wa kichekesho, ambaye miaka michache kabla studio zilikuwa zikimwandika kwenye orodha ya waigizaji kwa jina la dharau, Sleep 'n' Eat, yaani lala ule. Katika filamu hiyo wote wawili wanatetemeka, wote wawili wanatoa macho. Ufundi ni uleule. Lakini Hope akitetemeka tunaona mtu mmoja mwenye hofu zake, na mwisho anampata binti. Best akitetemeka, filamu inatutaka tuone rangi yake. Hofu ya mmoja ni tabia, ya mwingine imefanywa asili. Mantan Moreland alipita njia hiyohiyo, akicheza dereva mwoga katika mfululizo wa filamu za upelelezi za Charlie Chan.

Kumbe Moreland alikuwa na maisha mengine kwenye filamu, ambayo watu wengi hawayajui. Mwaka 1937 ilitoka Harlem on the Prairie, filamu ya kauboi yenye waigizaji Weusi watupu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za watazamaji Weusi wakati wa ubaguzi. Stelingi alikuwa Herb Jeffries, mwimbaji mrefu mwenye sauti nzito ambaye baadaye aliimba na bendi ya Duke Ellington. Zilifuata nyingine, kama The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939, na baadhi zilipigwa kwenye shamba la kitalii la familia Nyeusi ya Murray huko kwenye jangwa la California. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa kauboi mmoja kati ya kila wanne wa karne ya 19 alikuwa Mweusi, kwa hiyo Jeffries juu ya farasi mweupe hakuwa ndoto, alikuwa kumbukumbu iliyorudishwa. Katika Harlem on the Prairie, Moreland na Flournoy Miller ndio wachekeshaji. Wanaogopa, wanakimbia, wanafanya yaleyale. Lakini wameogopa pembeni ya shujaa mwenye rangi yao, mbele ya adui mwenye rangi yao. Hofu imerudi kuwa ya mtu. Filamu hizo zilikuwa za bei nafuu, mishono yake inaonekana, na nyimbo zinaingia pasipohitajika. Mimi nazithamini kwa sababu hiyo moja: zilimpa mchekeshaji Mweusi haki aliyokuwa nayo Bob Hope, haki ya kuwa mwoga kwa niaba ya nafsi yake tu.

Miaka ya 1960 nitaipita haraka, ingawa ina Lee Marvin. Katika Cat Ballou ya mwaka 1965 Marvin anacheza ndugu wawili, muuaji mwenye pua ya fedha na mlevi Kid Shelleen ambaye mkono wake hautulii mpaka anywe, na akishatulia suruali inamwanguka. Alipewa Oscar, na jukwaani akasema nusu ya tuzo ni ya farasi, yule aliyeegemea ukuta miguu imepishana, amelewa kama bwana wake. Mtu huyu aliyekuwa akiwatisha watazamaji kama jambazi Liberty Valance miaka mitatu tu kabla alikuwa askari wa kweli, aliyejeruhiwa vitani katika kisiwa cha Saipan mwaka 1944 huku wenzake wengi wakiteketea. Sijui kama mtu asiyewahi kuona mkono wa mwanajeshi ukitetemeka angeweza kuutetemesha hivyo. James Garner naye alijeruhiwa Korea, na labda ndiyo maana mashujaa wake hawana haraka ya kupigana. Katika Support Your Local Sheriff! ya mwaka 1969, Brennan mzee anamwelekezea bastola, naye Garner anatia kidole kwenye tundu la mtutu. Muuaji wa kukodiwa akija mjini, anamfukuza kwa kumtupia mawe.

Watu wa rika langu wengi, ukiwauliza kauboi wa kuchekesha, watakutajia Terence Hill na Bud Spencer, Trinity na kaka yake. Hao ni Waitaliano, na Spencer kabla ya kupanda farasi aliogelea kwenye Olimpiki mbili. Wanastahili makala yao.

Mimi nataka kumalizia kwa Cleavon Little, kwa sababu ndiye aliyekusanya nyuzi zote hizi mkononi.

Blazing Saddles ya Mel Brooks ilitoka mwaka 1974. Miongoni mwa waandishi wake watano alikuwepo Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi, na Brooks alitaka Pryor awe stelingi. Kwa maelezo ya Brooks mwenyewe, studio ilikataa. Nafasi ikaenda kwa Little, mzaliwa wa Oklahoma, mtu wa jukwaani aliyekuwa ameshinda tuzo ya Tony mwaka 1970. Anacheza Bart, mfanyakazi Mweusi wa reli aliyeponea chupuchupu kunyongwa, ambaye mwanasiasa mla rushwa anamteua kuwa sherifu wa mji wa Weupe ili wenyeji wakimbie na reli ipite.

Bart anaingia Rock Ridge amevaa suti nzuri, na mji mzima unachomoa bunduki. Ni barabara ileile ya Hope, mtutu uleule wa Keaton, lakini safari hii mtu akifa hakuna atakayeuliza. Bart anachomoa bastola yake na kujielekezea mwenyewe kichwani. Kwa sauti nzito, ya jitu la kutisha, anatangaza kwamba mtu yeyote akisogea, Mweusi huyu atakufa. Kisha uso unabadilika, macho yanatoka, sauti inapanda, inalia na kuomba msaada. Ni macho ya Willie Best. Ni sauti ya Moreland akiwa dereva. Wazungu wa mji wanaduwaa, mmoja anasihi kwamba maskini asije akaumizwa, na Bart anajiburuta mwenyewe kwa kola mpaka ndani ya ofisi ya sherifu, anafunga mlango, anashusha pumzi, anajipongeza kwa kipaji chake na kushangaa upumbavu wao.

Tazama alichofanya. Hofu ambayo Hollywood iliwabandika watu wake kwa miaka mingi kama ngozi ya pili, ameivaa kama joho, akaitumia dakika moja, akaivua. Kwa kuivua tu ametuonyesha kwamba siku zote ilikuwa joho. Best na Moreland walikuwa mafundi wakubwa waliolipwa ili ufundi wao uonekane kuwa maumbile. Little anawarudishia jina la mafundi.

Ndani ya ofisi hiyo, mahabusu, yumo Gene Wilder, aliyewahi kuwa mpiga bastola mwepesi kuliko wote, sasa ni mlevi. Wilder aliitwa kwa dharura baada ya mwigizaji wa kwanza kuanguka mgonjwa siku ya kwanza ya kazi, na ukiona utulivu wake huwezi kuamini kwamba hakuwa chaguo la awali. Wanacheza sataranji. Wilder anainua mkono mmoja, umetulia kama jiwe. Little anausifu. Wilder anasema ndiyo, lakini mimi hupiga kwa huu, anainua mwingine, unatikisika kama jani.

Miaka 34 kabla, katika The Ghost Breakers, Mweupe na Mweusi waliwekwa pamoja ili watetemeke. Hapa Mweupe anatetemeka na Mweusi anamtazama, ametulia, hamcheki wala hamhurumii, anamsubiri. Hakuna muziki. Wilder anaweka kete ya mfalme katikati ya meza na kumwambia aizungushie viganja, aidake wakati wowote atakaoona unafaa. Little anavuta pumzi, anapiga viganja. Anavifungua. Havina kitu. Anainua macho, na kete iko kwenye mkono wa Wilder.